Waipa za Gari la Baba
Fundi umeme wa gereji ya jirani hajui kutulia. Ukizungumza naye anakuzunguka, anagonga boneti kwa kucha, anawasha na kuzima tochi mchana kweupe. Waipa za gari kuukuu la baba, zile za kufuta mvua kiooni, hazikutumia umeme; zilitegemea pumzi ya injini, yaani hewa inayovutwa nayo. Ukikanyaga mafuta mlimani, zinalala. Siku moja zililala mlimani, mvua ikamziba baba macho, akatumbukia mtaroni. Gari likanyooshwa, baba tukamzika. Juzi fundi alizifungia waipa mota ya umeme, akaifungua na kuifunga tena mara tatu. "Inatosha, fundi," nikamwambia. "Bado, dada." Akamwagia kioo ndoo ya maji, akakanyaga mafuta hadi injini ikalia. Waipa hazikusita. Akachukua kitambaa, akafuta kioo kilichokwisha kufutwa. "Mzee alikuwa akiniomba hizi za umeme tangu mwaka jana," akasema bila kunitazama. "Kila alipokuja, nilimwambia kesho."