Baiskeli Iliyotolewa Sadaka

Niliporudi nyumbani Buyenzi kutoka hospitalini, nilitazama ukuta wa uani kabla ya kumtazama mama. Majirani walikuwa wamejaa kwenye mkeka wakisema alhamdulillah. Mimi nilikuwa nautafuta ule msumari mkubwa nilioupigilia mwenyewe juu ya pipa la maji. Haukuwa na kitu.

Nikasubiri majirani waondoke.

"Velo yangu iko wapi?"

Mama alikuwa akinimenyea chungwa. "Kula kwanza."

"Mama."

"Niliitoa sadaka." Hakuinua macho. "Ile siku daktari aliniambia niite ndugu zako wote. Ulikuwa hata hunijui. Nikatoa kile kitu chenye ulikuwa unapenda kuliko vyote."

"Ungetoa kitu chako."

"Mi niko na nini? Sufuria? Mungu atafanya nini na sufuria yangu?"

Alicheka kidogo, akangoja na mimi nicheke. Nikala chungwa.

Hakuna aliyenifundisha kutengeneza baiskeli ile. Nilinunua fremu kuukuu ya mashindano katika maduka ya vipuri ya mtaani kwetu, kisha nikaijenga kipande kwa kipande nikifuata video kwenye simu, kwa Kifaransa nilichokielewa nusu, nikisimamisha picha mara kwa mara niangalie vidole vya yule fundi. Nilifungua nilichokwisha funga kwa sababu tu sikukumbuka vizuri nilivyokifunga. Mafundi wa avenyu yetu walikuwa wakinicheka: "Huyu anatengeneza velo ama saa?" Jumapili asubuhi nilikuwa napanda nayo kilima hadi Mutanga Nord na kushuka kabla jua halijawa kali. Ndicho kitu pekee maishani nilichowahi kukimaliza bila kukionea aibu.

Kisha kikaja kifua kikuu, tena kibaya, kilichochelewa kujulikana. Wodini, nilipokuwa siwezi hata kukaa, nilikuwa naifungua baiskeli kichwani, naipaka grisi, naifunga tena. Hivyo ndivyo nilivyopitisha siku. Na siku hizohizo ilikuwa tayari inabeba mikate ya mchuuzi ambaye mama alimpa.

Kwetu, mgonjwa akifika pale nilipofika, nyumba hutoa sadaka ili Mungu amwonee huruma, na kadiri kitu kinavyouma kukitoa ndivyo watu wanavyokiona bora. Kikishatoka hakirudi. Kukidai ni kama kuudai ugonjwa. Kwa hiyo kila aliyekuja kunisalimia aliniambia jambo moja: "Sadaka ya mama yako imekuponya." Hakuna aliyevitaja vidonge nilivyomeza mpaka mkojo ukawa mwekundu. Nilimwambia mama kwamba vidonge ndivyo vilivyoniponya, si velo. Nilimwambia kwa sauti ya juu, mbele ya dada yake.

Nilipopata nguvu za kufika barabarani, nilikwenda kumngoja muuza mikate. Kila mtu alijua kwamba hupita baada ya sala ya alfajiri, akipeleka mikate mtaa wa Kibenga. Nilitaka kuipanda tena baiskeli yangu, na kusema kweli nilitaka zaidi ya kuipanda.

Alipotokea nayo, niliona usukani wangu uliopinda chini umeondolewa, mahali pake umewekwa mwingine mrefu kama pembe za ng'ombe. Nyuma palichomelewa vyuma vya kushikilia kreti. Mnyororo ulikuwa mkavu, una kutu, unalia.

"We ndiye ule mugonjwa!" Mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, alishuka akanikumbatia. "Subhanallah. Kila asubuhi nikipanda hii velo nakuombea dua. Mafuta hakuna mujini, gari zinalala, mi natembea tu. Watu wa Kibenga wanakula mikate sababu yako."

"Naomba nijaribu kidogo, baba."

"Panda, mutoto wangu! Si ni yako?"

Nikapanda, kreti ikiwa bado nyuma. Mizunguko ya kwanza miguu ilikumbuka yenyewe, na nikasikia furaha ikinipanda hadi masikioni. Kisha barabara ikainuka kidogo. Miaka yote niliyopita pale sikuwahi kujua kwamba inainuka. Kifua kikafunga. Nikashuka, nikaushikilia usukani, nikakohoa hadi machozi yakatoka, mbele ya gereji ya wale mafundi wa avenyu yetu.

"Eh, shampioni!" fundi mmoja akapaza sauti. "Mikate inapoa!"

Wenzake wakacheka. Ningependa kusema hawakuwa na ubaya. Sijui.

Muuza mikate akanifikia, akaweka mkono mgongoni mwangu, akangoja kikohozi kitulie. Kisha akasema polepole, wale wa gereji wasisikie: "Sikiliza. Kama roho inakuuma, ichukue. Mi nitatafuta ingine. Mungu anaona, hatakasirika."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Siamini kwamba baiskeli iliniponya. Lakini koo lilikuwa bado linawasha, na ile ladha ya chumvi ya damu niliyoijua wodini ilikuwa imerudi ulimini. Nikaogopa. Hivyo tu.

"Apana, baba. Ni yako."

Akaniwekea mkono kichwani, akasoma dua, akaondoka na mikate yake.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe alirudishiwa velo akaikataa, kwamba ana roho safi. Wakaja kunisifu. Nilikaa pale nikazipokea sifa za woga wangu, nikisema amina. Bado namkasirikia mama. Alitoa changu bila kuniuliza, kisha nikaishi, na sasa sina pa kulipeleka lalamiko langu.

Siku hizi naendesha velo nyeusi aliyoniachia mjomba, nzito, fremu imenizidi. Naendesha kidogo kidogo, nikifika pale penye gereji nashuka naikokota. Gurudumu la nyuma linayumba na kugusa breki kila linapozunguka. Najua ni spoki ipi imelegea. Ufunguo wake ninao, na kazi yenyewe inaisha kabla chai haijachemka.

"Si uitengeneze?" mama anauliza. "Si we ni fundi?"

"Kesho."

Siitengenezi. Nikiitengeneza nitaipenda, na mama kila nikikohoa anaacha alichoshika, anasikiliza, anaitazama velo.