Abiria wa Mwisho Kutoka Dublin

Kazi yangu hapa uwanja wa ndege wa Dubai ni kusukuma watu. Nasukuma wazee, wagonjwa, waliovunjika miguu, na wengine wazima kabisa wanaotaka tu kuruka foleni. Ukisimama mlangoni mwa ndege na kiti chako cha magurudumu huna haja ya kuuliza abiria wako ni nani. Wenye miguu yao hutoka kwanza, wanakimbilia ndege nyingine. Asiyeweza kutembea hungoja ndani mpaka njia iwe nyeupe, kwa hiyo wako ni yule anayetoka mwisho.

Huu ni mwaka wa saba, na sikuja kuifanya kazi hii milele. Nilikuja kwa sababu ya mdogo wetu wa mwisho, msichana. Nilijiambia kwamba siku atakapovaa joho la kuhitimu nitakuwa nimeketi kwenye viti vya wazazi, nimesharudi nyumbani Korogwe, nimemaliza.

Tulizaliwa watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla sijamaliza kidato cha pili. Shangazi alituchukua, lakini nyumba yake ilikuwa na watoto wake tayari. Hakuna aliyeniambia niache shule. Niliacha tu, kama mtu anavyoinuka kitini akiona mgeni hana pa kukaa. Anayenifuata mimi akaingia gereji. Yule mdogo alikuwa na miaka sita na kichwa chake kilikuwa chepesi mno. Nilimfulia sare, nilimkagua kucha, nilikwenda vikao vya wazazi nikiwa na ndevu mbili tatu kidevuni. Mwalimu akiuliza, "Mzazi wa huyu yuko wapi?" nasimama mimi, na wazazi wenzangu wanacheka.

Alipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu walichaguliwa wanafunzi wawili kwenda kusoma mwaka mmoja Ayalandi. Yeye alikuwa mmoja. Alinieleza masharti kwenye simu akiwa anahema: anakwenda mwaka wa tatu, anarudi kumalizia wa nne nyumbani. Asiporudi hakuna shahada. Nikamwambia hayo si masharti magumu.

Ayalandi niliijua kwa mlango wa ndege tu. Watu wake hushuka na makoti mkononi, mashavu mekundu, wanazungumza kwa sauti kubwa kama waliotoka harusini. Wengi wanakwenda mbele zaidi. Wachache sana wanahitaji kiti.

Siku alipopita Dubai nilibadilishana zamu na Mganda ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Nahda. Kazi yetu ni moja. Sheria inakataza kuzurura na abiria ambaye si wako, na yeye ndiye aliyetoa wazo.

"Banange, kwani dada yako hana miguu?" aliniuliza.

"Anayo."

"Basi siku hiyo mmoja unauma. Muweke kwenye kiti, sukuma. Nani atakuuliza?"

Nikasimama mlangoni mwa ndege ya Dar es Salaam. Miaka sita nilikuwa simjui ila kwa kioo cha simu. Alitoka mapema, begi mgongoni, mrefu kuliko nilivyodhani, akanipita. Aliangalia sare yangu kama watu wote wanavyoiangalia, akanipita. Nilimwita kwa jina la utotoni, lile la kumtania, ambalo halijui mtu mwingine. Akageuka.

"Shikamoo kaka," alisema, na machozi yakaanza hapo hapo.

"Marahaba. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kiti. Msimamizi anatuangalia."

"Kaka, mimi mzima!"

"Kaa, usinitie matatani. Kunja uso kidogo."

"Uso wa mgonjwa au wa mtu aliyekula pilipili?"

Mganda alitupita na bibi mmoja wa Kifilipino kwenye kiti chake. "Dada, pole sana na mguu!" akasema kwa sauti.

"Mguu upi?" mdogo wangu akaniuliza.

"Chagua mwenyewe!" Mganda akajibu, akaendelea na safari yake.

Basi nikamsukuma. Tulipita maduka ya manukato, tukapita foleni ya ukaguzi kwa mlango wa pembeni, tukapanda lifti, tukashuka, tukazunguka tena tulikotoka kwa sababu muda ulikuwepo. Kiti cha magurudumu kina jambo moja: anayesukumwa anatazama mbele, na anayesukuma anaona kisogo. Tulizungumza karibu saa nzima bila kuonana nyuso. Niliona mtandio wake, pini mbili, na mkono wake ukiwa umeshika begi lenye hati zake. Aliniuliza kama nachoka. Nikasema hapana. Aliniuliza nakula nini. Nikasema nakula. Mlangoni mwa ndege ya Dublin nikamwambia, "Utarudi?"

"Nitarudi, kaka. Niende wapi tena?"

Alisimama kutoka kwenye kiti na mhudumu wa mlangoni akamtazama kwa mshangao. Hatukukumbatiana. Niligeuza kiti, nikaondoka.

Mwaka ule alinipigia simu sana mwanzoni. Nilikuwa nikimsikiliza ndani ya basi la wafanyakazi, kidole kimoja kwenye sikio la pili. Alisema mvua ya huko hainyeshi ikaisha, inakuwepo tu. Alisema walimu wanaitwa kwa majina yao ya kwanza, na yeye alishindwa kabisa. Alimwita mmoja "mwalimu" kwa Kiswahili mpaka darasa zima likaanza kumwita hivyo. Alikuwa anasoma sayansi ya chakula. Alinieleza jinsi maziwa yanavyogeuka jibini, na mimi, niliyeishia kidato cha pili, nilielewa vizuri kwa sababu alieleza vizuri. Siku hiyo nilishuka kwenye basi nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Mganda alikuwa amelala.

Miezi ya baridi ikaingia na sauti yake ikapungua. Alisema jua linazama alasiri, watu wako darasani bado. Alikuwa akiishi chumba kimoja na wasichana wengine wawili mbali na chuo. Kisha akaniambia amepata kazi ya siku za mapumziko, nyumba ya kutunzia wazee.

"Kazi gani?"

"Kuwasaidia tu. Kuwalisha, kuwaogesha."

"Mimi niliacha shule ili wewe usishike ndoo ya mtu."

Akasema, "Wewe unashika, kaka."

"Ndiyo maana."

Baada ya hapo simu zikawa fupi. Mitihani, akasema. Nikakubali kwamba ni mitihani.

Mimi nilikuwa nimeshamwambia msimamizi wangu kwamba mkataba ukiisha sitauendeleza. Ni Mhindi wa Kerala, mpole, mwenye haraka. Alisema, "Khalas, ndiyo basi? Umechoka na sisi?" Nikamwambia mdogo wangu anamaliza masomo, nyumbani kunahitaji mtu. Nilinunua sanduku kubwa, nikaliweka juu ya kabati, na wenzangu chumbani wakawa wananiita Mheshimiwa Msafiri. Mpango ulikuwa mwepesi: yeye apite Juni, nimsukume mpaka kwenye ndege ya Dar, nami nimfuate majira ya joto yakiwa yanaisha. Mwaka wake wa mwisho ningekuwa karibu, ningekwenda kumtembelea chuoni kama wazazi wa wenzake.

Ndege yake ilikuwa ya asubuhi. Msimamizi alinipa bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa ndani ya ndege hiyo hiyo, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusimama pale. Mganda akaja na kiti cha pili, kitupu, akasimama kando yangu.

"Leo ana mguu gani?" aliuliza.

"Wa kulia."

"Mimi nimemsikia anachechemea toka Ayalandi."

Mlango ukafunguliwa. Walitoka wenye haraka, wanaume wa biashara na vibegi vyao. Walitoka wazazi na watoto waliolala mabegani. Likatoka kundi la wanafunzi, vijana wa kila rangi, na nilinyoosha shingo. Kila mtandio niliuangalia mara mbili. Kisha watu wakawa wanatoka mmoja mmoja, kwa mapengo. Mganda aliacha kutania. Kukawa na pengo refu. Akatoka mwanamume aliyesahau miwani, akarudi ndani, akatoka tena.

Halafu akatoka bibi wa Kihindi, ameshikwa mkono na mhudumu.

Nilijua maana yake. Miaka yote ile sijawahi kuona mtu mzima wa miguu akitoka nyuma ya abiria wangu. Hata hivyo nilimuuliza mhudumu kama kuna mwingine ndani. Akatikisa kichwa. Nilichungulia. Viti vilikuwa vitupu, mablanketi yamezagaa sakafuni, na wasafishaji wameanza kuingia kwa mlango wa nyuma.

"Labda ameachwa na ndege," Mganda alisema.

"Labda."

"Beta, mwanangu," bibi akasema kwa Kiingereza cha kukatakata, "kandambili zangu zimebaki chini ya kiti." Nikaenda kuzileta. Nikamvisha. Nikamsukuma. Nyuma yangu nilisikia magurudumu ya kiti kitupu cha Mganda, yanalia zaidi yakiwa hayana mtu. Nilipita mlango wa ndege ya bibi bila kuuona, mpaka akanipiga mkono kwa kiganja chake: "Beta, unanipeleka wapi? Mimi nakwenda Ahmedabad!" Nilimwomba radhi. Akaniuliza kama nina mama. Nikasema hapana. Akafungua mkoba wake akanipa peremende.

Ujumbe wa sauti nilikuwa nao kwenye simu tangu kabla ndege haijaruka. Wakati wa kazi simu zetu hukaa kabatini. Niliusikiliza kwenye chumba tunachohifadhi viti vibovu.

"Kaka, shikamoo. Najua utakuwa mlangoni. Nimeshindwa kukwambia, kila siku nasema kesho. Sijapanda. Nyumba ya wazee wamekubali kuniombea kibali cha kazi, wanataka watu. Chuo nyumbani nimewaandikia kwamba sirudi. Kaka, usikasirike. Nilipokaa kwenye kile kiti, nilikuwa nasikia unavyohema. Ulisema huchoki, nilikuwa nasikia. Rudi nyumbani sasa. Umesukuma vya kutosha. Sasa zamu yangu."

Nilikaa pale kwenye kiti kisicho na gurudumu la mbele. Sikukasirika. Ingekuwa afadhali. Alikuwa amefanya kile kile nilichofanya mimi, aliinuka ili mtu mwingine akae, na hakuna jambo baya zaidi ambalo angeweza kunifanyia. Nirudi kwa ajili ya nini? Nilikuwa nikirudi kama kaka wa msomi. Bila hilo mimi ni mtu wa zaidi ya miaka thelathini, niliyeacha shule kidato cha pili, najua kusukuma viti kwenye sakafu ya marumaru, katika mji kama Korogwe ambako mgonjwa anabebwa mgongoni.

Shangazi alilia kwenye simu. "Umeshindwa kumrudisha? Wewe mkubwa wake!" Ndugu yetu wa gereji alisema, "Mwache, kaka. Kwani kusoma ndiyo nini? Mimi nimekufa?" Nikamwambia hajafa. Wiki nyingi sikumpigia mdogo wangu. Si kwamba nilimsusa. Kila nikishika simu nilikuwa sina sentensi ya kwanza.

Nilikwenda kwa msimamizi, nikamwambia nimeghairi.

"Nyumbani kuna shida?" aliuliza.

"Hakuna."

Alinitazama, akaangalia saa. "Khalas, vizuri. Mtu anayejua kazi nisimkatae. Yalla, haraka, ndege ya Lahore imetua."

Sanduku bado liko juu ya kabati. Tunaweka humo mablanketi ya chumba kizima.

Alinipigia yeye, Ijumaa moja baada ya swala. Tulisalimiana kama watu wa ofisini. Nilimuuliza hali ya hewa. Alisema mvua. Kisha akaguna, nikajua ni maumivu.

"Una nini?"

"Mgongo, kaka. Kuna bibi mmoja mnene, kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti. Jana nilisikia kitu kimekatika hapa chini."

"Unamnyanyuaje?"

"Namshika kwapani, namvuta."

"Huwa unamvuta?"

"Nimvuteje tena?"

Nilikuwa nimeketi kitandani kwangu, wenzangu wanapika. Kwa miaka yote nilikuwa nikimwambia soma, na kusoma ndilo jambo pekee nililowahi kumfundisha, nami mwenyewe sikulijua.

"Kwanza funga breki za kiti," nikasema. "Zote mbili. Usiamini moja."

"Huwa nafunga."

"Mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Mtu asiyejua anajikaza, anakuwa mzito."

"Hee."

"Miguu yako iachane. Kunja magoti, mgongo uache wima. Yeye aweke uzito kwako, halafu mgeuke pamoja, kama mnacheza."

"Kama tunacheza," alirudia. Nilisikia anaandika.

"Usiandike," nikamwambia. "Simama ujaribu. Chukua hata mto."

Nikasikia kitanda chake kikilia, hatua zake sakafuni, kisha pumzi.

"Kaka, nianzie wapi tena?"

Nikamwambia upya, polepole, tangu breki.