Shemeji yangu alisema "Bwairire" asubuhi

Admin, ficha jina yangu kabisa. Mama mkwe hana simu kubwa lakini vijana wa kwaya wanamsomea kila kitu. Hata hizi majina ndani nimebadilisha.

Niko na miaka 26, nimeolewa huku Nyamira, watoto wawili, na nimechoka. Si ile kuchoka unalala inaisha. Saa kumi na moja niko kwa majani chai, mgongo na kikapu, nikirudi ni kufua, kupika, kuosha watoto. Mzee wangu anaingia na boda yake, kitu ya kwanza, "Mbona ugali imepoa?" Huyo ndio mimi siku hizi.

Lakini hamkunijua! Mimi nimezaliwa kwa kasoko kamegawanywa na lami: huku Kisii, ng'ambo Nyamira. Kwetu ni Wasabato, kwa hivyo Jumamosi jua ikizama tu, Sabato imeisha, mimi na rafiki yangu Kemunto tunaanza. Raba zangu nyeupe zinakaa chini ya kikapu ya chai. Disko ya upande wa Kisii ikizimwa tunavuka lami mbio, Kemunto anapiga kelele, "Sasa tuko majuu!" Soda moja watu watatu. Na ile kucheza, jamani, ile baridi ya kwetu unaisahau kabisa! Asubuhi hatuendi nyumbani, tunapitia shambani, tunachuma na usingizi, tunafika na kikapu imejaa. Mama alinisifu mpaka kanisani: "Huyu wangu anaamka kabla ya jogoo."

Siku moja nikafika na ulimi bado iko disko. Nikamsalimia mama, "Bwairire." Sasa hiyo kwetu ni salamu ya jioni. Asubuhi tunasema bwakire. Mama akaweka sufuria chini polepole.

"Bwairire? Kwani kwako jua inazama saa ngapi?"

Mwiko ilivunjikia kwangu. Kemunto akaniita Bwairire mpaka siku alienda Nairobi.

Haya. Jumapili iliyopita asubuhi niko kwa mama mkwe, msichana wake wa mwisho, Nyaboke, miaka 17, form three, akaingia na kikapu imejaa majani. Akasema, "Bwairire, mama."

Nikajua hapo hapo ametoka wapi.

Mama mkwe akamwangalia. "Wewe, ulilala wapi?"

Kabla afungue mdomo nikarukia, "Kwangu, mama. Mtoto alikuwa na homa, Nyaboke akanisaidia usiku wote. Ndio maana anachanganya salamu."

Mama mkwe akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Ukiwa hapa, mimi nalala."

Hiyo neno imenikata. Kwa sababu sijawaambia yote. Kemunto hakuenda Nairobi kutafuta kazi. Alienda na mimba, form three kama huyu, shule ikaishia hapo. Na ile usiku yenyewe ya hiyo mimba, jamaa mmoja wa disko akimng'ang'ania, alinishika mkono akasema, "Ngoja twende pamoja, huyu jamaa simwelewi." Mimi nikamtoa mkono. Wimbo nilikuwa napenda ilikuwa imeanza kupigwa ng'ambo. Nikavuka peke yangu. Mpaka leo hajawahi kunilaumu, na hiyo ndio mbaya zaidi.

Jioni Nyaboke akakuja kwangu anacheka. "Mama Junior, wewe ni mtu poa! Jumamosi nisemee tena." Akaona raba zangu chini ya kitanda, akavaa, zikamtosha kabisa. Akazunguka mara moja hapo kwa sakafu. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu nilisikia kwanza si uoga. Ilikuwa wivu.

"Kwani wewe hujawahi?" akaniuliza.

Nikamwambia azivue. Nikimwambia mama mkwe, ataniuliza nilijuaje na salamu moja tu. Hapa niliolewa kama msichana wa kwaya. Nikinyamaza, kitu ikifanyika, ni mimi nimemtoa mkono tena.

Leo ni Alhamisi. Raba nimeziosha, ziko juani, na sijui nimeziosha za nani.

Wenye mko na mama mkwe anawaamini, wenye mlikuwa na Kemunto wenu, nishaurini. Nimwambie mama, ama niongee na huyu msichana nimfungulie yote, hata ya Kemunto? Nijibuni haraka. Jumamosi jua haichelewi kuzama.