Mama Chumvi na Ugomvi wa Kitabu Kinachofuata

Wakati wetu pale Black Rock, mtaa wa Buffalo huku Marekani, kitabu hakikuja kwa kubonyeza kioo cha simu. Kilifuatwa kwa miguu, kwenye theluji, ukiwa umevaa koti lililowahi kuvaliwa na watu wawili kabla yako, na mifuko ya mkate ndani ya buti ili soksi zisilowe. Ninyi wa rika langu mliokulia Buffalo mnanielewa. Watoto wetu wakisikia habari hizi wanadhani tunatunga. Binti yangu aliniuliza kwa nini hatukuita teksi. Nilimwambia teksi zote zilikuwa zimekwama kwenye theluji hiyo hiyo, akaniamini, maskini.

Tulikaa ghorofa ya chini ya nyumba kuukuu ya mbao. Joto lilitokea kwenye tundu lenye wavu sakafuni, na hapo ndipo palikuwa na vita vya kila jioni: nani akae juu ya tundu. Mwishowe tulikubaliana kulifunika kwa blanketi na kuingia wote, mimi, kaka yangu Espoir, na Chantal, binti wa shangazi yetu aliyekaa ghorofa ya juu. Blanketi lilivimba kwa hewa ya moto kama andazi. Mama alipika sombe, majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka maduka ya Grant Street, harufu ikajaa mpaka kwenye koti la shule, na humo ndani sisi tulikuwa tunasoma habari za Karendi.

Karendi ilikuwa nchi ya kubuni, yenye wafalme, wachawi na milima inayotoa moshi. Espoir ndiye aliyeigundua kule maktaba, kwa sababu ya jalada lenye askari aliyepanda mjusi. Jambo la ajabu ni kwamba haikuwa nchi ya mwandishi mmoja. Waandishi wengi waliigawana. Huyu anaandika vita vya kaskazini, yule wezi wa bandarini, mwingine mapenzi ya mabinti wa kifalme. Na mtu wa kitabu hiki unamkuta akipita kwenye kitabu kile, kama unavyokwenda kununua samaki ukakutana na mtu wa kanisani kwenu. Vitabu vyenyewe havikuwa na namba mgongoni. Hakuna aliyejua kipi kinaanza na kipi kinafuata, wala mama wa maktaba hakujua. Tulipomuuliza alitutazama juu ya miwani akasema tuchukue chochote.

Chochote? Nyumbani kwetu haikuwezekana. Mwanzoni kila mmoja alichukua chake, na matokeo yake vyombo havikuoshwa, na Espoir alikuwa na tabia ya kunisimulia mwisho wa kitabu changu kwa makusudi. Baba, aliyerudi kutoka kazini ghalani amechoka mpaka kope, akatunga sheria. "Bon," alisema. "Kitabu moja ndani ya nyumba. Mukimaliza, munaleta ingine. Na mukigombana, hakuna hata moja." Kwa hiyo kuchagua kitabu kinachofuata kukawa jambo zito. Ukishindwa, ulikuwa umeshindwa kwa wiki nzima na zaidi.

Tulipiga kura. Espoir kila mara aligombea kitabu kimoja tu, kinene kama tofali, cha vita vya zamani kabisa vya Karendi, na kila mara alishindwa. Chantal alitaka mabinti na mapenzi. Mimi nilitaka wezi wa bandarini. Watu watatu, vitabu vitatu, kura moja moja. Ndipo tukampa kura ya nne Tate.

Tate ndivyo sisi watu wa upande wa Uvira, kule Kongo, tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, kwa sababu sokoni ndiko alikoishi maisha yake: aliuza ndagala na chumvi, akivuka mpaka wa Burundi na kurudi. Kiingereza hakukijua wala hakukitaka. Lakini hakupenda kuachwa nje ya jambo, na aliposikia kicheko chini ya blanketi aliamuru tumsimulie. Kwa hiyo kila jioni mmoja wetu alisoma sura na kuigeuza Kiswahili papo hapo, Kiswahili chetu cha watoto waliosahau nusu ya maneno. Espoir alipofika kwenye joka, neno lenyewe hakuwa nalo, akasema, "Ni nyoka, lakini iko na mabawa, na inatapika moto."

"Inakula nini?" Tate aliuliza.

"Ngombe, Tate. Na watu."

"Na wakati ngombe zimeisha?"

Espoir akafungua kitabu kutafuta jibu. Halikuwamo. Tate akatikisa kichwa kwa kumhurumia mwandishi. Hayo ndiyo yalikuwa maswali yake siku zote. Jeshi limetembea jangwani, nani anawapikia? Malkia amekimbia usiku, mtoto amembeba nani? Na kuhusu Kiswahili changu mimi alisema, "Huyu mufalme anaongea sawa mutu wa ofisi ya wakimbizi." Nilikasirika, lakini nilianza kumuuliza mama maneno jikoni kabla ya zamu yangu.

Katika kitabu cha tatu au cha nne alitokea mwanamke muuza chumvi. Alikuwa na jina la Karendi lisilotamkika, na mwandishi alimpa kurasa chache tu. Anakaa njia panda, anauzia chumvi majeshi ya pande zote mbili, na anakataa kusema nani amepita. Tate aliacha kuchambua mboga. "Huyo namujua," alisema. Akampa jina, Mama Chumvi, na tangu siku hiyo akawa na swali moja tu kabla ya kupiga kura yake: "Mama Chumvi iko ndani?"

Kama hayumo, kitabu kimeanguka. Basi mngetuona sisi watatu tumesimama maktaba, buti zinavuja maji kwenye zulia, tunapekua kurasa kumtafuta muuza chumvi. Wezi wangu wa bandarini walishinda mara moja kwa sababu Mama Chumvi alishuka bandarini kununua gunia. Chantal, mwerevu kupita kiasi, alijaribu njia ya mkato. Alileta kitabu cha mapenzi ambacho Mama Chumvi hakuwamo, na akamtia mwenyewe wakati wa kusimulia. Alimfanya awagawie askari wenye njaa chumvi ya bure.

Tate alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo si yeye," alisema. "Mama Chumvi hawezi kumuachia askari chumvi ya bure. Munanidanganya." Chantal aliosha vyombo peke yake mpaka kitabu kikaisha.

Halafu shangazi akapata kazi nzuri Louisville, jimbo la Kentucky, akahama na Chantal na mtoto wake mchanga aliyezaliwa mwaka huo, na kwa sababu mtoto alihitaji mlezi, Tate akaenda nao. Siku wanaondoka hakuna aliyezungumzia vitabu. Tulifunga magodoro juu ya gari, tukala maandazi tumesimama, na Tate akanishika kidevu akasema nisiache kuuliza maneno jikoni. Kwenye sebule yetu lile tundu la joto likawa langu na Espoir, nafasi tele, na wala hatukulipigania tena.

Kila Jumapili baada ya ibada tuliwapigia simu, tukaiweka mezani, sauti juu. Hapo uchaguzi ukawa mgumu zaidi, maana kitabu kilipaswa kuwepo maktaba zote mbili. Chantal akipiga kelele kutoka Kentucky, Espoir akijibu kutoka Black Rock, akitetea tofali lake, na Tate katikati akiuliza swali lake. Baba alisema hata mikutano ya wazee wa kanisa haikuwa na fujo kama ile. Lakini alikuwa anavuta kiti na kukaa.

Siku moja Chantal alipiga simu katikati ya juma, tena akaomba aongee na mimi tu. Tate alikuwa amelazwa. Ni nyongo, watampasua, na madaktari walikuwa wanaogopa kwa sababu ya umri na sukari yake. Nilidhani hayo ndiyo yote, kumbe alikuwa na jingine.

"Kile kitabu tunasoma," alisema, sauti chini. "Nimesoma mbele. Mama Chumvi anakufa."

Baba aliomba ruhusa kazini, tukaingia garini kabla hapajapambazuka vizuri. Njia ni ndefu. Tulipumzika Whitehall, pale Columbus, Ohio, kwa rafiki wa baba ambaye walikaa wote kambi ya wakimbizi, kwenye majengo ya fleti ambayo leo, bila kukusudia, nakaa jirani nayo. Watu wazima walikula wali na maharage ndani. Mimi na Espoir tulitoka nje kwenye maegesho tukasimama kati ya magari.

"Tunabadilisha kitabu," Espoir alisema. "Tunasema hicho kimepotea."

"Atauliza."

"Basi ruka hiyo sura. Mupeleke Mama Chumvi safari."

"Espoir, unakumbuka Chantal na chumvi ya bure?"

Alikumbuka. Alipiga teke theluji chafu iliyobaki kando ya ukuta, na nikaona analia, kaka yangu aliyependa vita na mijusi. Nilitazama pembeni kumwachia heshima yake. Hatukuamua kitu.

Tulimkuta Tate kitandani, amekuwa mdogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama anakwenda harusini. Alisalimia kila mtu, akauliza habari za majirani wa Black Rock mmoja mmoja, akalalamikia supu ya hospitali. Watu wazima walipotoka kuongea na daktari, alitugeukia.

"Bon. Kitabu."

Chantal alikitoa kwenye mkoba, akakiweka magotini bila kukifungua.

"Tate, hii sura haiko muzuri," nilisema.

"Anakufa?"

Espoir akainamia buti zake, na Tate akaelewa. "Soma," alisema. "Usiruke."

Chantal alisoma. Nilimsaidia maneno. Mama Chumvi alikufa upesi, katika aya mbili, kwa mshale uliolengwa mtu mwingine, na kitabu kikaendelea na mambo ya malkia. Tate akanyoosha kidole kwenye jalada.

"Aliyeandika hii ni yule wa kwanza?"

"Hapana, Tate. Ni mwingine."

"Alishauza chumvi, huyo?"

"Sizani."

"Ndiyo maana. Hakumujua." Akajiweka sawa kwenye mto, akashika upande unaouma. "Sasa ile kitabu ya Espoir, ile mukubwa, ya zamani. Ni ya mbele ya hii?"

"Ni ya mbele sana," Espoir alisema, na kwetu "mbele" maana yake ni kabla. "Mama Chumvi bado iko musichana. Anabeba gunia ya mama yake."

Tate akamkodolea macho. "Na miaka yote hii ulikuwa unajua iko ndani, na haukusema?"

"Nilisema, Tate. Munakataaga kunisikiliza."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekipekua maktaba, na sisi tulikuwa hatumsikilizi. Tate akacheka, akashika mshono ambao bado haujashonwa, akatuambia tusimchekeshe. "Basi tusome ile," alisema. "Mutu akifa huku, munarudi nyuma, munamukuta. Waandishi wamefanya kazi muzuri hapo."

Alipasuliwa kesho yake asubuhi, na akatoka salama. Na sisi tukalipa ushindi wa Espoir kwa majuma mengi ya simu, maana lile tofali lilikuwa kitabu kibaya kuliko vyote vya Karendi. Majeshi yanatembea, yanalala, yanaamka, yanatembea tena. Mama Chumvi anatokea, anashusha gunia, anapotea sura sita. Tate alisikiliza yote bila kulalamika, isipokuwa kuhusu chakula. Aliishi mpaka mimi nikaingia chuo, na alipofariki Louisville, Chantal alisimama kanisani akamsimulia vizuri, kwa Kiswahili kisichokuwa na kasoro hata moja. Watu waliuliza amejifunzia wapi.

Leo Chantal anafundisha watoto huko huko Louisville, Espoir anaendesha basi Buffalo na ana maoni kuhusu kila kitu, na mimi niko Whitehall na binti mwenye miaka kumi na mmoja. Naye ameingia Karendi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikaa naye kwenye kochi, nikajiandaa kumweleza ugumu wa kujua kipi kinafuata. Akanionyesha simu. Mtu fulani ameshachora njia nzima, mishale na rangi, anza hapa, maliza pale, hiki usikisome hakifai. Tofali la Espoir limewekewa alama nyekundu. Nilimuuliza kama angependa anisomee sura kwa Kiswahili. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba kipo cha kusikiliza, kinasomwa na mtu mwenye sauti nzuri.

Simlaumu. Amesoma vingi kuliko sisi, kwa mpangilio sahihi, na miguu yake ni mikavu. Jioni baba yake anavaa visikizio upande ule, yeye upande huu, vyombo vinaoshwa na mashine, joto linatoka kila pembe ya nyumba. Hakuna anayepiga kelele. Juzi nilisimama katikati ya sebule nikauliza kwa sauti, "Jamani, tunasoma kipi sasa?" Wote wawili wakatoa kisikizio kimoja, wakanitazama kwa upole, wakauliza kama nimesema kitu.