Mtani wa Kiwandani

Kidawa Abdala alikuwa na cheti kimoja tu maishani, cha darasa la saba, na hicho mchwa walikimaliza zamani. Lakini mwekee punje ya korosho kiganjani, akutajie daraja lake kabla hujarudisha mkono. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza za kuchambua katika kiwanda cha korosho karibu na njia panda ya Mingoyo, kofia nyeupe kichwani, kitambaa puani, vidole vikienda vyenyewe huku yeye akipiga soga. Wasimamizi walikuja na kuondoka. Wote, hata wale waliokuja na digrii zao, ubishi ukizuka juu ya mzigo waliishia kusema, "Muiteni Kidawa."

Kuna punje moja inayowatesa watu wa korosho. Ukiitazama ni nyeupe, nzima, ya kupelekwa ng'ambo kabisa. Ukiifungia kwenye bati, mwezi hauishi imetoka madoa, na mnunuzi anarudisha mzigo na maneno ya karaha juu yake. Kidawa aliijua punje hiyo. Hakuzaliwa akiijua. Alizitia punje kwenye chupa za jamu dirishani kwake, akaziandikia tarehe, akaziangalia miaka mitatu, zipi zinageuka na zipi zinabaki, mpaka akaona kwamba ile mbaya weupe wake ni wa chokaa, si wa maziwa, na kwenye mkunjo wa tumbo ina kivuli chembamba. Mtu mwingine angepewa jina kubwa kwa kazi kama hiyo. Yeye alisifiwa na wenzake, akaridhika. Ila moyoni alikuwa na hamu moja ambayo hakuitaja ovyo, kusomea uendeshaji wa mashine, ili naye akae upande wa vitufe badala ya upande wa meza.

Ndipo ukaja ule mpango. Kiwanda na chuo kimoja cha ufundi vilitiliana saini mkataba, bango kubwa likatundikwa getini likisema viwanda na vyuo vishikane mikono kuziba pengo la ujuzi wa teknolojia. Kiwanda kiliagiza mashine ya kuchambua kwa kamera, ile inayozitazama punje zikianguka na kuipuliza mbaya pembeni kwa upepo. Wanafunzi wa chuo wangekuja kujifunzia hapo hapo kiwandani. Na wachambuaji sita wa zamani, ndivyo walivyoambiwa mkutanoni, wangewaonyesha vijana madaraja ya korosho, wasaidie kuizoesha mashine, kisha nao wapewe nafasi sita chuoni mwezi wa kwanza. Jina la Kidawa lilitajwa la kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na siku ile alitembea kurudi nyumbani kama msichana aliyefaulu kwenda sekondari.

Aliyetoa ahadi hiyo ni Stefano, mratibu wa mafunzo wa kiwanda, Mngoni wa Songea. Kidawa ni Mmwera. Mtu wa kusini hana haja ya kuelezwa zaidi, lakini kwa wengine ni hivi: Mngoni na Mmwera ni watani. Babu zao walipigana, wajukuu wakarithi ruhusa ya kutukanana. Mtani atakuita mwizi mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kitoweo mdomoni, nawe hununi. Ukinuna umeshindwa, na aibu ni yako. Ila nyuma ya matusi yote hayo mna amana, kwamba mtani hawezi kukudhuru. Anayetaka kukudhuru huja na maneno matamu.

"Mngoni," Kidawa alimwambia siku ya kwanza, "babu yako alikuja kwetu na mkuki. Wewe umekuja na kompyuta. Mnatafuta nini?"

"Nimekuja kuwamalizia," Stefano akajibu. "Babu aliwabakiza wachache kwa huruma."

Meza nzima ilicheka. Flora peke yake, Mmakonde aliyekaa na Kidawa bega kwa bega miaka tisa, ndiye aliyeuliza la maana walipokuwa wakinawa mikono.

"Dada Kidawa, hizo nafasi zimeandikwa wapi?"

"Stefano amesema mbele ya watu."

"Kusema amesema. Nauliza zimeandikwa wapi."

"Flora, yule mtani wangu. Hawezi kunitupa."

Flora alikung'uta maji vidoleni. Yeye hakuwa na mtani pale kiwandani, labda ndiyo maana aliona mbali.

Miezi mitano Kidawa alifundisha. Vijana wa chuo walimzunguka na simu zao, wakapiga picha vidole vyake, wakamuuliza kwa nini hii na si ile, naye akawajibu bila kuchoka. Maelfu ya punje yalipita mikononi mwake kwenda mbele ya kamera, moja moja, huku akitaja daraja na sababu. Binti mmoja, Rosemary, ndiye aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye daftari ili baadaye kiwe mwongozo wa mashine. Kidawa alimpenda yule binti, akawa anamletea mihogo ya kuchemsha. Kila asubuhi kabla ya kuanza, wale wanawake sita walisaini karatasi ya mahudhurio. Kichwa cha karatasi kiliandikwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyeuliza kinasema nini. Mtu anayekuja kufundisha atauliza vipi kama anahesabiwa kufundishwa?

Ile siri ya chokaa na maziwa aliichelewesha. Flora alimwambia asiitoe mpaka aikalie hiyo nafasi ya chuo. Hata yeye mwenyewe alisita wiki nzima, akizitazama chupa zake dirishani. Mwisho alizibeba kwenye kikapu akaenda nazo, akaziweka mezani, akaeleza yote. Aliona ni uchoyo kumficha mwanafunzi. Stefano alikuwepo, amesimama na kikombe cha chai.

"Mmwera," alisema, "nifundishie mashine yangu vizuri. Ikishajua, nakutoa nje ya geti."

"Ukinitoa, nani atakuonyesha mbaya na nzuri?"

"Si umeshaionyesha mashine? Na chuoni huendi. Wewe nisainie tu kila asubuhi, mengine niachie mimi."

Wanawake walicheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kuna nini. Kidawa ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akachukua kalamu akasaini. Naomba msomaji alielewe jambo hili, maana mimi linanikera hadi leo. Aliambiwa ukweli wote, kichwa hadi mkia, mchana kweupe, mashahidi wapo. Akaupokea kama unavyopokewa utani.

Mwezi wa kwanza ulipofika alinunua daftari mbili za kurasa mia na kalamu za rangi mbili, akavaa baibui lake la sikukuu, akapanda gari kwenda chuoni kujiandikisha. Karani wa pale alikuwa mtu mstaarabu. Alimwomba cheti cha kidato cha nne.

"Sina," Kidawa alisema. "Mimi ni wa zile nafasi sita za kiwanda cha korosho."

Karani alitafuta jalada, akalisoma, akalisoma tena. Hakuna nafasi sita. Mkataba ulikitaka kiwanda kiwafundishe teknolojia wafanyakazi wake wanawake sita, basi, na kazi hiyo jalada lilionyesha imekwisha.

"Mama, nyinyi mmeshasoma," alisema kwa upole. "Hizi hapa saini zenu. Saa mia nne na themanini."

Alimgeuzia karatasi. Ilikuwa ileile ya kila asubuhi, na mwandiko wake ulishuka ukurasa baada ya ukurasa, safi, wa mtu asiyekosa hata siku moja. Rosemary alikuwa akipita ukumbini, Kidawa akamwita amsomee kile Kiingereza cha juu. Binti alisoma kimoyomoyo kwanza.

"Inasema waliofundishwa, mama."

"Na aliyefundisha?"

"Limeandikwa jina la mratibu. Hata kwenye mwongozo."

"Wewe ulikuwa unajua?"

Rosemary aliangalia viatu vyake. "Niliona, mama. Nilidhani umeelezwa."

Kidawa aliumia. Sitafuti neno jingine la kulipamba. Aliumia kifuani, mahali hasa. Kukosa nafasi ni jambo moja, watu hukosa. Lakini ile miaka mitatu ya chupa, na miezi mitano ya kusema mpaka koo kukauka, imegeuzwa kuwa somo alilopewa yeye na mtu ambaye hadi leo hajui kutofautisha punje mbili.

Alirudi moja kwa moja kiwandani, akamkuta Stefano nje ya ofisi yake.

"Umenifanyia nini, Stefano?"

Alimwita kwa jina, na mtani haitwi hivyo. Stefano alilisikia hilo, macho yakamcheza kidogo. Kisha akatabasamu.

"Sasa mtani, si nilikuambia? Nilisema chuoni huendi. Nilisema saini tu. Mbele ya meza nzima nilisema, ukacheka mwenyewe."

Ni kweli alisema. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata hakujificha kwenye mshono.

Wiki mbili baadaye ikafanyika sherehe ya kufunga mpango. Waliletwa wageni kutoka mbali, viti vikafunikwa vitambaa, mashine ikawashwa ikapuliza punje mbaya pembeni bila kukosea, na wageni wakapiga picha. Wale wanawake sita waliitwa wahitimu. Kila mmoja alipewa cheti kwamba amefunzwa kutambua madaraja ya korosho. Flora alikipokea chake kwa ncha za vidole. Kidawa, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kwenye orodha, alipewa kipaza sauti atoe shukrani.

Hakuwa amepanga, lakini alisema. Alisema yule bwana pale mbele amemdanganya. Alisema aliahidiwa darasa, akatoa alichokijua chote, na jina lililoandikwa si lake. Sauti yake haikupanda. Mgeni mmoja akainua kalamu yake.

Stefano alisimama, mikono ameitandaza, uso unacheka.

"Wageni wetu, mtatuwia radhi. Huyu ni mtani wangu. Wamwera hawa hawajatusamehe tangu enzi za mababu."

Wenyeji waliangua kicheko kwa kuelewa, na wageni, walipotafsiriwa, wakacheka kwa kupendezwa. Mgeni yule akaweka kalamu chini, akapiga makofi.

"Sitanii," Kidawa alisema kwenye kipaza sauti.

Wakacheka zaidi. Hivyo ndivyo mtani hodari anavyojibu. Aliwatazama watu wale, wengine majirani zake, wengine waliokula kwake, akaona hakuna neno lolote la lugha yake ambalo lingepenya, maana yote yalishafungiwa ndani ya utani na ufunguo anao Stefano. Akarudisha kipaza sauti akaketi.

Meza za kuchambua ziliondolewa kabla ya msimu mpya. Kidawa na wenzake walishukuriwa kwa utumishi wao. Siku hizi anauza maandazi na uji wa ulezi hapo njia panda, na madereva wanamheshimu, na akiulizwa habari za kiwanda anasema, "Wapo."

Mwaka huu, baada ya mvua, mjomba wake Ismael alifariki, na kwa Wamwera mjomba ndiye mtu, kuliko hata baba. Watu walijaa uani. Jeneza lilipokuwa tayari kutolewa, Stefano akatokea. Alikuja kama mila inavyomtaka mtani msibani: amevaa koti kichwa chini, amebeba jembe bovu, akajilaza mlangoni akazuia njia.

"Hatoki mtu hapa," alipiga kelele. "Mzee huyu alinikimbia siku zote, leo nimemkamata. Nipeni kuku, la sivyo namrudisha kitandani."

Waombolezaji wakaanza kutabasamu katikati ya machozi, maana ndiyo kazi ya mtani, kuwapumzisha wafiwa. Kila mtu aligeuka kumtazama Kidawa. Yeye ndiye mpwa mkubwa, yeye ndiye wa kumjibu. Angemwita mchawi, angemmwagia maji, watu wangecheka, na mambo yote yangekuwa yameisha. Stefano alilijua hilo. Pale chini alipolala alikuwa akimwangalia kwa macho ya mtu anayeomba.

Kidawa alifuta uso kwa upande wa kanga, akamsogelea.

"Karibu, bwana mratibu," alisema. "Tunashukuru kwa kuja kutupa pole. Jamani, mwinueni mgeni, mpeni kiti."

Mzee mmoja wa ukoo alinong'ona kwamba utani haukatwi. Kidawa hakubishana naye. Alisimama tu, mikono ameikunja mbele kwa adabu, akangoja, mpaka vijana wawili wakamwinua Stefano, wakamkung'uta vumbi, wakamketisha kwenye kiti cha plastiki pamoja na wageni wengine wa heshima. Njia ikawa wazi, jeneza likapita.

Stefano alikaa kwenye kiti kile mpaka waliokwenda kuzika wakarudi. Aliletewa maji ya kunawa, akaletewa chakula kizuri kwenye sahani yake peke yake, na hakuna Mmwera hata mmoja aliyemtukana.