Sanduku la Mtoto Ndani ya Mashine

Katika karakana za kampuni yetu kule Kolwezi, fundi hakuandika jina lake kwenye sanduku la vyombo. Aliandika jina la mtoto wake. Jina la mtu mzima halimzuii mwizi, lakini kuiba kitu cha mtoto ni kujitafutia laana, na hata wezi wetu, waliokuwa hodari kweli, waliogopa. Ukipita karakana asubuhi uliona majina ya watoto yamepakwa rangi nyeupe kila upande, ungedhani uko shuleni.

Mtu aliyenifundisha kompyuta alitoka katika karakana hizo. Nilimwita tata, yaani baba, kama inavyopasa, naye akaniita mama ingawa nilikuwa msichana tu. Walipomhamishia ofisi ya posho, iliyochapa bon, vikaratasi vya kuchukulia unga, kwa wafanyakazi wote, alikuja na desturi yake. Kompyuta ile haikuwa na picha za kubonyeza. Ilikuwa skrini nyeusi yenye herufi za kijani. Unaandika neno, yaani amri, na mashine inatii au inakataa. Amri chache zimo ndani ya mashine yenyewe tangu inapowaka. Nyingine ni vyombo vinavyowekwa kwenye diski, na lazima mashine ionyeshwe viko wapi. Tata alivikusanya vyombo hivyo mahali pamoja, akapaita jina la binti yake aliyekuwa amezaliwa juzijuzi. Nilimcheka.

"Hata humu muko bamwizi, mama," alisema bila kucheka.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Watu ambao koo zao zilitoka Kasai waliambiwa warudi kwao. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa, na kwao huko hawajawahi kukuona hata siku moja. Mgodi ulikuwa tayari unakufa, pampu zinasimama, mishahara inachelewa, na mwenye njaa akionyeshwa wa kulaumu, mara nyingi hakatai. Tata alitolewa ofisini, kisha akatolewa katika nyumba ya kampuni. Akaenda kukaa gare, kituo cha treni, pamoja na mkewe na yule mtoto, katikati ya umati uliolala juu ya mizigo yake, kungoja treni isiyo na ratiba.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, kwa hiyo msomaji asitegemee nisimulie kwa sauti laini.

Mimi kwetu ni Mutshatsha, hapa hapa jimboni, hivyo hakuna aliyenigusa. Tuliletewa chef mpya, mkuu wa ofisi, mtu msafi mno, viatu vyake viling'aa hata katika vumbi letu jekundu. Siku yake ya kwanza alifanya usafi. Alitupa kikombe cha tata, alitupa kalenda yake, akatoa nje hata kiti alichokuwa akikalia. Halafu akawasha mashine, akaona jina la yule mtoto, jina la watu wa Kasai, limekaa wazi kwenye skrini.

"Hata humu ndani bamejaa?" alisema.

Akafuta. Kufuta alikuwa amejifunza mahali pengine, na alijua vizuri.

Siku ya posho ilipofika, niliandika POSHO kama nilivyofanya kila mara. Kwa kawaida ungesikia printa ikianza kukereza baada ya muda mfupi. Safari hii skrini ilijaa mstari mmoja, ukirudiwa chini ya mwenzake: *Commande ou nom de fichier incorrect*. Maana yake, amri hiyo siijui. Nikaandika tena. Siijui. Nje, getini, wanaume na wake zao walikuwa wameanza kukusanyika na magunia matupu, na katika siku zile umati wenye magunia matupu haukuwa mchezo. Maduka kadhaa mjini yalikuwa yamekwisha kuporwa, yamebaki kuta tu.

Chef aliogopa. Nasema hivyo kwa haki, alikuwa na sababu. Akatuma walinzi kituoni, wakamrudisha tata.

Alisimama mbele ya mashine na shati lililoganda vumbi. Aliangalia skrini, akaandika neno moja, akaona sanduku lake halipo.

"Utaitengeneza," chef alimwambia. "Na hautarudia ku gare. Utabaki hapa, kampuni itakuchunga. Famille iende."

"Chef, mutoto eko na surua. Bibi yangu eko peke yake na yeye."

"Batamutunza kule kwenu."

Tata alishika ukingo wa meza. Nikaelewa wakati ule jinsi alivyobanwa. Akiitengeneza mashine, atakuwa mtu wa lazima, na mtu wa lazima haachiwi. Akikataa, wataita uharibifu, na gereza ni karibu kuliko kituo. Mkewe angepanda treni peke yake na mtoto mgonjwa mgongoni, kwenda mahali asipomjua mtu.

Mimi mdomo wangu huwa unatangulia akili. Mama yangu alinionya tangu utoto.

"Mi najua, chef," nilisema. "Tata alinifundisha. Mumuache aende."

"Unajua nini?"

"Hii mashine. Yote."

Chef akamgeukia. "Njo vile?"

Tata aliniangalia. Yeye zaidi ya mtu yeyote alijua nilichokijua: kuwasha, kuandika POSHO, kungoja, kupanga karatasi. Nilimwona akipima jambo hilo, akiniogopea. Kisha akasema, "Njo vile. Anajua yote."

"Sawa," chef akasema. "Lakini posho isipotoka mbele ya treni kuondoka, nitatuma bale walinzi bamutoe hata mu wagon. Na weye tutakufunga pamoja na yeye."

Tata alipofika mlangoni aligeuka. Alisema kama mtu anayeaga tu. "Mama, ile haiko, usiitafute. Uanze na ile iko."

Chef akafunga mlango kwa ufunguo kutoka nje, na mlinzi akaegemea dirisha. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo.

Kwanza nilifanya hasa alichonikataza. Nilitafuta visivyokuwepo. Niliandika majina yote ya amri niliyowahi kumwona akiyaandika: ya kupanga majina, ya kuiandaa printa, ya kuchapa. Siijui, siijui, siijui. Nikakumbuka kwamba siku moja nilipoteza faili naye akalirudisha kwa amri moja ya kufufua vilivyofutwa. Nikaiandika. Siijui. Nayo ilikuwa imekaa katika sanduku lile lile. Ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani.

Nilipiga meza. Nilimtukana chef kwa Kilunda, lugha ya mama yangu, ambayo mlinzi alionekana kuijua maana alikohoa na kutazama kando. Joto la bati lilikuwa likishuka juu ya kichwa changu, na kila gari lililounguruma mbali nililidhania treni. Jambo la ajabu ni kwamba sikujua niombe nini. Treni ikiwahi, tata yuko salama, mimi nimekwisha. Ikichelewa, nina muda, lakini naye bado yuko mikononi mwao. Niliomba vyote viwili, na Mungu anisamehe fujo ile.

Mwishowe nilikaa. Uanze na ile iko. Kipi kipo? Niliandika DIR, amri ya kuonyesha yaliyomo. Mashine ikajibu! Herufi za kijani zikapanda polepole, na mimi nikalia kwa furaha kwa sababu mashine imenijibu, mimi ambaye dakika chache zilizopita nilitaka kuitupa dirishani. DIR haikuwa chombo cha sandukuni. Ilikuwa ndani ya mashine yenyewe, na chef hakuweza kuifuta hata angetaka.

Basi na nyingine za aina hiyo zingekuwepo. Nikajaribu TYPE, ya kusoma faili kwenye skrini. Ikakubali. Nikasoma lile faili la POSHO ambalo siku zote nililiita bila kulichungulia. Halikuwa na uchawi wowote. Lilikuwa mistari michache tu: panga majina, andaa printa, chapa. Na mbele ya kila amri tata alikuwa ameandika jina la mtoto wake, kuielekeza mashine sandukuni. Mashine ilikuwa inakwenda pale kila mara, inabisha hodi, inakuta nyumba imebomolewa.

Bon zenyewe zilikuwepo. Faili lao lilikuwa zima, familia kwa familia. Kilichokosekana ni njia ya kulifikisha kwenye karatasi.

Hapo nikakumbuka jambo dogo. Tata alipobadilisha utepe wa printa, hakuwa anaita POSHO kuijaribu. Alinakili mstari mmoja tu kwenda kwenye printa, kama vile printa nayo ni faili, kwa amri ya COPY. Na COPY ni amri ya ndani.

Niliandika. Mashine ikasema kwa upole kwamba imenakili faili moja. Printa haikutikisika. Nilingoja, nikaipigapiga ubavuni kama mbuzi mkaidi. Hakuna kitu. Nikajiona mjinga wa mwisho duniani, nikaegemeza paji la uso kwenye kioo cha skrini. Kisha nikasema, uanze na ile iko, nikaandika DIR tena. Kulikuwa na faili jipya, PRNT. Printa huitwa PRN. Nilikuwa nimeongeza herufi moja, na mashine, kwa utiifu wake wa kipumbavu, ilikuwa imeniundia faili badala ya kuchapa.

Nikaandika upya, kidole kimoja kwa kimoja.

Printa ilikereza. Sauti ile ilikuwa mbaya siku zote, na siku hiyo hapakuwa na wimbo ulioishinda. Majina hayakupangwa, herufi zenye alama zilitoka kama miiba ya samaki, lakini zilikuwa bon, na mlango ukafunguliwa. Chef alichukua rundo la kwanza bila kuniangalia usoni.

"Kumbe unajua kweli," alisema. "Sasa weye hautaenda mahali."

Ndivyo nilivyoingia mtegoni nilimomtoa mwenzangu. Kuanzia siku hiyo nilifungiwa ofisini kila siku ya kazi, na mlinzi akanisindikiza hata chooni. Nilijifariji kwamba tata yuko njiani, na kila nilipochoka niliwawazia wote watatu ndani ya behewa, wanakwenda.

Jumapili nilipata ruhusa ya kwenda kanisani. Nilikwenda kituoni. Sijui kwa nini nilibeba unga, kama nilikuwa na hakika wameondoka.

Walikuwepo. Treni haikuwa imekuja. Nilimwona tata amekaa juu ya sanduku lake la chuma la karakana, lile la zamani lenye rangi nyeupe ya jina la mtoto wake wa kwanza, aliyefariki zamani. Mkewe alikuwa amelala ubavuni, kitenge kimefunika kichwa. Nilitafuta kitoto kwa macho, nikaona kitambaa cha kubebea kimekunjwa vizuri, kimewekwa kando.

"Siku ile ile," tata alisema. "Nilifika, nikamubeba. Jua ilikuwa haijalala. Alifia mu mikono yangu."

Nililia, na nilikuwa na hasira nikilia. Nilimwambia nilidhani nimewapa treni.

"Hapana, mama. Ulinipa ile siku. Kama si weye, bibi yangu angemuzika peke yake." Alichukua unga kwa mikono miwili. Baadaye akauliza, "Na posho? Uliitoa na nini?"

"Na COPY."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na pumzi. "Na ile iko," alisema.

Wiki iliyofuata treni iliwachukua. Sikupewa ruhusa ya kwenda kuaga.

Nilipata disketi yenye vyombo vile vile kutoka ofisi nyingine. Ningeweza kuviweka popote kwenye diski, mashine haijali. Niliunda sanduku jipya kwa jina la yule binti, nikavipanga ndani, na nikaiagiza mashine iionyeshe njia hiyo kwenye skrini kila inapowashwa. Chef alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma jina, midomo yake ikicheza.

"Hiyo nini?"

"Sanduku ya vyombo, chef. Ukifuta, posho haitoke."

Hakufuta. Alilisoma kila asubuhi, miaka yote tuliyobaki naye, mpaka mashine yenyewe ilipokufa.