Mama Yuko Wapi Kwenye Selfi?

Wiki hii nilikusudia kuwakemea vijana wetu wa Palma. Tangu habari za kuchimbwa gesi pwani kwetu zienee, hawapiti mahali bila kujipiga selfi.

Juzi nikaingia duka la kuchapa picha za simu. Mbele yangu alisimama dada mmoja aliyejitanda kanga. Mwenye duka alikuwa amemchapia selfi yake kwa ustadi wote, uso umejaa karatasi nzima, kicheko mpaka magego. Dada akaitazama, akaisukuma irudi kwa ncha ya kidole.

"Mama yuko wapi?"

"Mama gani, mana, dada yangu? Kwenye selfi ulikuwa peke yako."

Akamwonyesha simu. Nami, sina adabu, nikachungulia. Nyuma ya bega lake niliona majani na jiwe moja la matumbawe.

"Huyu hapa. Sisi wa Afungi tunahamishwa kupisha mradi wa gesi, na makaburini watazungusha waya."

"Si ungepiga kaburi peke yake? Tena unacheka!"

"Jiwe halina jina, kaka. Bila uso wangu, nani atajua ni mama yangu? Na yeye hakupenda kuniona nimenuna."

Mwenye duka akachapa upya. Sasa jiwe lilikaa katikati, uso wa dada pembeni, mdogo. Dada akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Mimi nimebaki najiuliza. Selfi si picha ya aliyejipiga? Ile basi ni ya nani? Kemeo langu bado ninalo mdomoni, na simjui wa kumpa.